Gracien na Jina la Denton

Gracien Mugisho alifika Lewisville mwaka 2001 akiwa mkimbizi, pamoja na mkewe, Annonciata Nabintu, na binti yao wa miaka minne, Kethia Cibalonza. Majina matatu tofauti katika nyumba moja. Kwao Walungu, mashariki ya Kongo, hilo halikumshangaza mtu. Kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na Cibalonza lilikuwa la bibi yake, mama mzazi wa Annonciata, aliyefariki wiki chache kabla Kethia hajazaliwa.

Kwa miaka sita Gracien alipanga maboksi ya masinki na mabomba katika bohari. Mgongo ulimuuma, lakini kilichomchosha zaidi ni kueleza majina hayo. Alieleza shuleni, alieleza kliniki, alieleza kwa waliompangisha nyumba. Halafu, Februari 2007, Kethia alivunjika mkono akicheza. Hospitalini karani alimzuia Gracien mlangoni kwa saa mbili kwa sababu karatasi zao hazikuwa na jina moja. Muda wote huo alimsikia mtoto akilia upande wa pili.

Ndipo akaamua. Fomu ya uraia ina sehemu ya kubadili jina, naye angechukua jina moja la ukoo kwa wote watatu, la Kiingereza, ili asiulizwe tena. Alichagua Denton. Ndilo jina la kaunti yetu, na pia la msimamizi wake kazini.

Jumapili moja baada ya ibada aliniita kwao nimsaidie kuijaza ile fomu. Nilikuwa jirani yao, nikisoma chuo kikuu.

"Dada Elirehema, weye unasomaka vitabu," alisema. "Hii jina ina maana gani? Nisije nikajiita mbwa."

Nilikuwa nimeshalitafuta maktaba. Nilimwambia ni jina la kale la vijiji vya Uingereza, maana yake kijiji cha bondeni. Aliyebaki kijijini hakuitwa hivyo, kwa kuwa wote pale walikuwa wa Denton. Ni yule aliyehama ndiye ugenini walimwita kwa kijiji alichotoka, na watoto wake wakalirithi hata bila kukiona.

Gracien aliweka kalamu chini. "Kumbe ni jina ya wakimbizi."

Annonciata alicheka akiwa jikoni. "Na ule bosi anakupigiaka kelele kila siku, sasa utavaa na jina yake? Atafikiri weye ni mutoto wake."

"Akifikiri hivyo, labda atanipunguzia maboksi."

Nilikuwa na jambo jingine la kumwambia, na nilikuwa nimelichelewesha. Maelezo ya fomu nilikuwa nimeyasoma mara mbili. Jina linalobadilika ni la anayekula kiapo cha uraia tu. Kethia angepata uraia kupitia kwake, lakini jina lake lingebaki lilivyo, mpaka wafungue kesi nyingine mahakamani.

"Kwa hiyo miye Denton, yeye Cibalonza," alisema.

"Ndiyo, kaka."

"Na pale ku mulango ya hospitali?"

"Utaeleza tena."

Aliufunika uso kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo. Nilidhani amelala. Annonciata alizima jiko, akaja kusimama nyuma yake.

"Baba Kethia," alisema. "Watu wote wanakuitaka kwa mutoto. Chukua basi na jina yake."

"Jina ya mama yako? Nivae mukwe wangu kifuani, ku beji ya kazi, kila siku?"

"Alikupendaka."

"Alisemaka miye ni muvivu."

"Sasa atakuona mwenyewe."

Gracien alichukua kalamu, akaandika CIBALONZA polepole, midomo ikifuata kila herufi. Kisha akauliza itachukua muda gani. Nilimwambia miezi sita, pengine zaidi. Alitikisa kichwa, akajinyoosha kwenye kochi na viatu vyake, maana zamu yake ilianza saa tisa alasiri.

"Mutoto akiumia mbele hiyo miezi haijaisha," alisema akiwa amefumba macho, "uende weye."

"Miye ni Nabintu," mkewe alimkumbusha.

Alikaa kwenye kiti alichokiacha mumewe, akafuta mikono kwenye kitenge chake. "Dada, uko na fomu ingine?"