Kocha Alipoitwa Kigali

Kwa miaka mingi mimi na Kocha tulifundisha timu moja, yeye mkuu na mimi msaidizi wake, katika chuo kidogo cha ualimu nje kidogo ya Eldoret. Uwanja wetu wa mpira wa kikapu ulikuwa wa saruji iliyopasuka, na mvua ya mchana ikishanyesha, wasichana walishika mifagio kwanza, ndipo wakashika mpira. Yeye alikuwa ametoka kwao upande wa ziwa kuja kufundisha hisabati. Mimi ni binti wa Cheptiret, mwalimu wa Kiswahili, niliyecheza enzi zangu mpaka goti likakataa.

Hatukuwa wapenzi. Nasema hivyo kwa sababu watu waliuliza sana. Kilichotuunganisha ni ile hamu ya kuona wasichana watano wakisogea kama mtu mmoja. Tulibishana vibaya. Yeye alipiga kelele, mimi nilichora kwa chaki ubaoni.

"Wewe unaona uwanja wote, kama mwewe," aliniambia siku moja. "Mimi naona tu yule aliye na mpira."

Mwaka tuliochukua ubingwa wa vyuo vya eneo letu, kulikuwa na mgeni kwenye viti, mtu wa klabu ya kulipwa ya wanawake huko Kigali. Alikuwa amekuja kuangalia mchezaji wa timu nyingine. Akaondoka na namba ya simu ya Kocha. Baada ya wiki kadhaa, Kocha aliingia chumba cha walimu mbio, chaki bado mkononi.

"Kocha, wametupigia!" Aliniita Kocha pia, siku zote.

"Wamekupigia wewe."

"Sikiza vizuri basi. Si nimewaambia siji peke yangu? Wamekubali kutuajiri wote. Mkuu na msaidizi wake."

Nilicheka kwa sauti mpaka mwalimu mwenzetu akainua kichwa. Kisha nikakumbuka nyumbani, na kicheko kikakatika.

Mama alikuwa amepigwa na kiharusi mwaka huohuo. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa, na maneno yalitoka kwa shida, moja moja. Baba alikuwa ameshafariki, na ndugu yangu alikuwa kazini Uarabuni. Mimi ndiye niliyemwogesha, nikamlisha, nikamgeuza kitandani.

Nilimweleza habari ya Kigali kama mtu anayesimulia mambo ya jirani. Aliniangalia sana.

"Nenda," akasema.

"Uji umepoa, Mama. Ngoja niupashe."

"Nenda!" Akapiga kitanda kwa mkono wake mzima. Nilipobaki nimesimama na bakuli, alianza kulia. Mama huyu hakulia hata siku tuliyomzika Baba.

Kesho yake nilimwambia Kocha atafute msaidizi mwingine.

"Tunaweza kumngoja mama yako," akasema.

"Kumngoja afanye nini?"

Aliokota mpira uliobaki uwanjani, akaupeleka stoo.

Aliondoka na mke wake na watoto. Wasichana walimwimbia langoni, wengine wakashindwa kumaliza wimbo. Klabu ilimpa msaidizi, kijana kutoka Nairobi.

Mechi zao nilizitazama kwenye simu, nimeiegemeza kwenye mto ili Mama naye aone. Jioni moja, mchezaji wao mrefu alitoka chini ya kikapu akimvuta mpinzani aliyemkaba, na mwenzake akapita nyuma yake kwa kasi, peke yake kabisa, akafunga. Mtangazaji akamsifu kocha kwa akili zake. Mbinu hiyo nilikuwa nimeibuni mimi, pale ubaoni Eldoret.

"Hiyo ni yangu, Mama," nikasema.

Akatabasamu kwa ule upande wa uso uliobaki. Niliona fahari, na papo hapo nikageuza uso. Nilijifanya natafuta chaja.

Mama alifariki kabla ligi yao haijaisha. Sikumtarajia Kocha, lakini alikuja, amevaa koti la klabu, viatu vyote matope. Wanaume walipoanza kufukia kaburi, alichukua koleo na hakumpokeza mtu mpaka jasho lilipomwingia machoni. Baadaye alinifuata nyuma ya jikoni.

"Kocha, naweza kuwauliza tena. Lakini yule kijana..."

"Anafanya kazi vizuri?"

"Vizuri sana."

"Basi usimwachishe kazi mtoto wa watu."

Ndipo alipolia, yeye, mtu mzima na koti lake zuri. Nikawa mimi wa kumbembeleza, siku ya kumzika mama yangu.

Wageni wote walipoondoka, nyumba ilinishinda. Ikifika jioni mikono yangu haikujua ifanye nini, maana hakukuwa na mtu wa kulishwa wala kugeuzwa. Nilikuwa nimekosa Kigali kwa ajili ya mtu, na sasa sikuwa na Kigali wala mtu. Majirani waliniambia nimebarikiwa kwa kumtunza mzazi. Niliwaitikia amina.

Muhula ulipofunguliwa, chuo kilinipa timu. Nilifika uwanjani nikakuta wasichana wapya wamejipanga, soksi zimevutwa mpaka magotini. Mmoja akauliza kwa heshima, "Samahani mwalimu, kocha ndiye nani?"

Niligeuka kumtafuta Kocha. Nilitazama mpaka langoni, ndipo nikakumbuka kwamba anayeuliziwa ni mimi.