Eti Hukuwepo Nyumbani

Hyasinta wa Bweri alifundisha darasa la tatu miaka ishirini na saba, na hata baada ya kustaafu majirani waliendelea kumwita Mwalimu. Siku hizi alikuwa mtu wa kuku. Ugonjwa wa mdondo ulipoanza kufyeka kuku upande wa Kiabakari, yeye ndiye aliyeagiza chanjo kutoka Mwanza kwa ajili ya kaya kumi na moja za mtaani kwake. Muuzaji akamwonya kwamba chupa zinasafiri na barafu. Zikipata joto, zimeharibika.

Kampuni ya vifurushi iliahidi kuleta boksi mpaka mlangoni siku ya Jumatano. Asubuhi hiyo majirani hawakufungulia kuku. Hyasinta akatoa kiti, akakaa mbele ya nyumba tangu saa moja, simu mapajani. Hata chai aliinywea hapohapo. Saa nane ujumbe ukaingia: "Tumefika kwako, hukuwepo nyumbani. Fika ofisini kesho."

Aliusoma mara mbili.

"Sikuwepo? Kwani aliyekaa hapa ni mzimu?"

Akapiga ile namba, ikaita mpaka ikakata. Akapanda bodaboda mpaka mjini. Boksi alilikuta juu ya kaunta, jua la dirishani linalichoma, maji yanachuruzika konani. Alipolifunua, barafu yote ilikuwa maji ya vuguvugu.

Diana, mhudumu wa pale, akamsogezea daftari. "Saini hapa, Mama, kwamba mzigo umeupokea salama."

"Salama ipi, mwanangu? Niitie huyo aliyekuja kwangu."

Akaja Jofrey, msambazaji, mtu mzima mwenye ndevu zake. "Nilifika, Mama. Nilipiga honi sana."

"Geti langu lina rangi gani?"

Jofrey akajibu haraka. "Bluu."

"Sina geti, baba. Nina ua wa minyaa."

Waliokuwa wakisubiri mizigo wakaangua kicheko, ila mama mmoja hakucheka. Yeye alikuwa ameandikiwa "hukuwepo" mara tatu mwezi huo. Hapo kelele zikaanza, na Jofrey akaona hana pa kutokea.

"Bweri ni mbali, Mama. Huwaga tunawaandikia hivyo tu, maana watu wanakujaga wenyewe."

"Wanakujaga kwa sababu mnawadanganyaga!" Hyasinta akachukua kalamu, akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: *Imepokelewa ikiwa imeharibika. Mpokeaji alikuwepo nyumbani.* Kisha akamgeukia Jofrey. "Washa pikipiki. Watu wananisubiri, na mimi siwaambii uongo wako. Utawaambia mwenyewe."

Jofrey akamtazama Diana. Diana akainamisha macho. "Nenda naye," akasema.

Majirani walikuwa wamekusanyika kwa Hyasinta na matenga yao. Jofrey akasimama mbele yao, kofia mkononi. "Sikufika hapa leo. Nilidanganya. Dawa imeharibikia kwetu."

Mmoja wao, Mzee Enoka, alifungua tenga lake, akaachia kuku, akaondoka kwenda kwake.

Chanjo nyingine ilifika baada ya siku sita. Enoka alikuwa ameshafukia kuku kumi na wanne waliouawa na mdondo. Safari hii Jofrey alikuja mwenyewe mpaka kwenye minyaa, akapiga hodi. Hyasinta akakagua barafu, akasaini.

"Umenisamehe, Mwalimu?"

"Kamuulize Enoka," akasema, akabeba boksi kuelekea kwa majirani.