Silambloki za Ba Chanda

Asubuhi niliyovuka ziwa Mweru kutoka upande wa Kongo sikuwa na mpango. Nilipanda boti kwa sababu ilikuwa inaondoka. Niliposhuka Nchelenge nilisikia gari linagonga kwa nyuma, nikalifuata mpaka gereji. Mwenye gereji, ambaye wote walimwita Patro, akaniuliza natafuta nani. Nikasema nataka kujua kinachogonga.

"Basi lala chini uangalie," akasema. Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini.

Kilikuwa silambloki. Upande wa Zambia wanaiita bushi: mpira uliobanwa katikati ya vyuma viwili. "Chuma mbili ni kama wake wenza," Patro alinifundisha kwa Kiswahili cha Kongo, ambako "njo" ni "ndiyo". "Huyu mupira njo anakaa katikati. Anachapwa na pande zote."

Shule niliiacha mapema, lakini maswali hayakuniacha. Nilihamahama: injini za boti Kashikishi, kisha pikipiki za Mantapala kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa. Kila mara nilirudi kwa Patro, naye hakuniuliza nilikuwa wapi.

Kazi yangu ya mwisho, nikiwa mzee tayari, ilikuwa ya gari la Ba Chanda, tunavyomwita huku kwa heshima, aliyebeba akina mama kutoka Kabuta kwenda kliniki ya Kafutuma. Gari lake husukumwa na magurudumu ya nyuma. Kwenye kilima cha mchanga yalizunguka bure, nyuma ikarukaruka, abiria wakashuka kusukuma. Vijana wa pikipiki walicheka: "Gari ya Ba Chanda, unalipa halafu unapanda na miguu yako." Abiria walianza kumkimbia. Na kazi nyingine hakuwa nayo: goti lake halikuweza tena nyavu wala pikipiki.

"Mukwai, tafazali, bakinikimbia bote, nitafanya nini?" alituuliza.

Alikuwa ameshajaza mifuko ya mchanga kwenye buti ili nyuma iwe nzito, haikusaidia. Nikalala pembeni nichungulie chini huku Patro akikanyaga mafuta. Difu, lile boksi la gia la nyuma, na mikono ya magurudumu hushikwa na fremu moja, na fremu hiyo imefungwa kwenye bodi kwa silambloki nne. Mpira wake ulikuwa umelegea. Tairi likishika, fremu inasogea mbele. Tairi likiteleza, fremu inarudi, na nyuma inaruka.

Patro akaamua tuchonge silambloki ngumu kutoka kwenye mkanda mzito wa mpira, ule unaobeba mawe kwenye migodi ya Katanga. Gari likapanda kilima. Lakini siku ya kwanza tu mama aliyetoka kujifungua alipiga mlango kwa kiganja: "Simamisha. Afazali nitembee." Kila shimo la barabara lilikuwa linaingia mwilini mwake.

Ba Chanda akarudi gereji. "Unataka ipande ao unataka ikuwe laini?" Patro akamuuliza.

"Nataka vyote mbili."

Patro akanung'unika. Mimi nikarudi chini kutazama alama za msuguano. Gurudumu linaposukuma, fremu huenda mbele na nyuma; mashimo ndiyo hupiga juu na chini. Basi tukaweka tena silambloki za mpira, nzima, zile zenye nafasi ndani. Tukakata vipande vya mkanda tukavisokomeza kwenye nafasi za mbele na za nyuma tu. Za juu na chini tukaziacha wazi, mpira upate kupumua. Ninyi vijana mnaonisikiliza, kabla ya kukaza kitu ulizeni kwanza kinasukumwa kutoka wapi.

Vidole vyangu vilikuwa vimeshaanza kukataa spana. Nilimuaga Patro.

"Unaenda wapi?"

"Sijui."

"Njo vile uliingia hapa, pia haukujua," akasema, akanipa mkono wenye grisi.

Nilikaa nyuma ya gari la Ba Chanda, katikati ya akina mama. Tulipofika kwenye mchanga nikashika mlango nishuke kusukuma.

"Muzee, unashuka wapi?" mama wa pembeni yangu akaniuliza, mtoto amelala kifuani mwake. "Bado hatujafika."

Gari lilipanda polepole bila kuruka. Ba Chanda aliimba kidogo puani.

Sikuwa nimewahi kulala Kafutuma. Ba Chanda alinipeleka kwa dada yake, mjane mwenye chumba kitupu, naye akaniuliza nitakaa siku ngapi. Nilikuwa nakunjua mkeka niliposikia watu barabarani wanamwita Ba Chanda, wanagombea viti vya kurudi Kabuta.