Pua ya Chumba cha Mama

Harufu ya makaa yanayoanza kushika moto, mvua ikinyesha, hunirudisha moja kwa moja kwenye chumba cha mama katika nyumba yetu ya Bunia. Wageni hudhani Kongo yote ni joto. Waje walale Bunia msimu wa mvua, kisha tuzungumze.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni wakati mdogo wangu wa kike, Kavira, alipozaliwa kabla ya wakati wake, mdogo mno, anaenea kwenye viganja vya baba. Hospitalini walituonya jambo moja tu: asipate baridi. Na chumba cha mama ndicho kilichokuwa na baridi kuliko vyote. Mbabula yetu, jiko la makaa la kupashia chumba moto, ilikuwa imetoboka chini na ilidondosha makaa sakafuni kama kuku anayetaga ovyo.

Koko, mama yake baba, alikuwa ameshuka kutoka milima ya Lubero kuja kumsaidia mama. Tulikwenda sokoni yeye, baba na mimi. Baba alipenda mbabula ya chuma, iliyokatwa kwenye pipa na kupakwa rangi ya kijani. Koko hakuitazama mara mbili. Alichuchumaa mbele ya zile za udongo, akazigonga moja moja kwa kidole, ametega sikio, mpaka muuzaji akanuna.

“Ya chuma inapataka moto mbio, inapoteza mbio,” alimwambia baba. “Hii, hata makala ikizima, iko inachunga moto.”

Aliibeba mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Watu wakamcheka njiani, naye akawacheka wao.

Kuiweka ndiko kulikozua ugomvi. Koko alitaka tofali moja litolewe juu ukutani, karibu na dari.

“Mama, tunatafuta joto, na weye unataka kupasua ukuta?” baba alishangaa.

“Nyumba inapaswa kuwa na pua. Kule kwetu baridi iko mingi kupita ya hapa, na kila nyumba iko na pua.”

Baba alilitoa tofali akinung’unika. Koko aliwashia makaa uani, na hayakuingia ndani mpaka yawe mekundu yote. Kavira akaanza kuota mashavu. Mimi nilishinda pale, miguu nimeinyoosha kwenye moto, nikimpenda Koko na kuliona tundu lake kuwa ujinga mtupu.

Alasiri moja ya mvua na upepo, Koko akiwa kanisani na wamama wenzake, mama alichoshwa na ule ubaridi. Akaziba tundu kwa kitenge, akafunga mlango, akajilaza na mtoto. Koko alipofika uani, mimi nikiwa barazani, aliinua macho, akakiona kile kitenge. Akausukuma mlango, akamnyakua Kavira, akatoka naye mvuani.

Mvuani, ndugu zangu! Mtoto tuliyekatazwa hata upepo! Mama alimfuata akipepesuka, ameshika kichwa, akatapika mlangoni. Kavira alikuwa amelegea. Nilipiga kelele kwamba Koko anamuua mtoto. Alimpuliza usoni, akimsugua mgongo: “Lia, mama. Lia, mama yangu.”

Na Kavira akalia. Koko hakumgombeza mama hata kidogo. Alikifua tu kitenge chake, akamrudishia.

Nilikuwa mtu mzima, nasomea uuguzi, nilipofundishwa kwamba makaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, inayomlaza mtu asiamke tena. Nililia palepale darasani. Koko alikuwa ameshatutoka, na asante yangu ilikosa wa kuipokea.

Mwaka jana Kavira, ambaye sasa ni mwanamke mwenye sauti inayofika kwa majirani, alikuja kulala katika chumba kile. Asubuhi alitoka amejifunika blanketi, amefura, akiniita yaya, yaani mkubwa wake.

“Yaya, ni nani aliacha ile tundu ku ukuta? Baridi iliniua!”

Nilimwacha agombe mpaka achoke, nikiifurahia kila pumzi yake.

“Ni Koko,” nikamwambia. “Aliiacha kwa ajili yako.”