Kiondo Hakisukwi kwa Kuketi

Mimi siwezi kukaa. Hata kanisani huinuka kabla ya sala ya mwisho, nikijifanya natafuta mtoto. Mama hunigombeza kwa hilo, ilhali ugonjwa huu nimeurithi kwake. Sikumbuki kumwona akisuka kiondo ameketi. Alisuka akienda sokoni Kangundo, akirudi, akipanda mlima na mzigo mgongoni, nyuzi za mkonge zikimning'inia kifuani. Njia nzima ilijaa wanawake wa namna hiyo, midomo ikipiga soga na vidole vikisuka.

Watu husema kiondo kimeuawa na mifuko ya dukani. Mimi nalaumu bodaboda. Lami ilipofika kwetu kila mtu alipanda, hata wenye magoti mazima, na juu ya pikipiki hakuna anayesuka: upepo unavuruga nyuzi na mkono umemshika dereva. Siku hizi tunafika sokoni mapema, mikono mitupu, tunakaa tukitazama simu.

Goti la Mama lilipokataa, naye akapanda. Kiondo alichokuwa akimsukia binti yangu, anayeolewa baada ya mavuno, kikabaki nusu kwenye msumari. Katika nyumba yetu msichana haendi kwa mume bila kiondo cha nyanya yake. Nikamnunulia Mama kiti chenye mto ili amalizie. Alijaribu, safu zikapinda, akakitupa kiondo kitandani.

"Mkono yangu inafuata mguu," alisema. "Mguu ikisimama, mkono inauliza tunangoja nani."

Nikasema basi tununue kingine mjini. Mama alikiokota kiondo kitandani, akakitundika tena msumarini. Jumamosi iliyofuata, nilipofika kutoka Athi River ninakofanya kazi, alinitilia kiondo mikononi kabla sijaweka mkoba chini.

"Basi tembea wewe."

Nikatembea, kutoka mlangoni hadi barabarani na kurudi. Mwendesha bodaboda alipunguza mwendo akaniuliza, "Mathe, unaenda wapi nikupeleke?" Nikamwambia siendi popote. Alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili, akaondoka. Uzi ulikwama, ukalegea, ukakwama tena. Nilimkasirikia Mama, nikaikasirikia lami, lakini zaidi niliogopa. Nisipojua kazi hii yeye akiwa hai, nitamuuliza nani?

Jua lilipoanza kushuka nilimpelekea. Alikipapasa kiondo kwa kidole gumba, akafika pale safu zake zilipoishia.

"Hapa ndio niliachia kutembea," alisema.

Nilingoja aseme lolote juu ya safu zangu. Alishika uzi wa mwisho, akauvuta taratibu, akafumua kazi yangu yote hadi akafika kwenye safu zake. Nilitaka kulia. Akanirudishia kiondo.

"Jua bado iko," alisema. "Enda tena."