Mlango wa Mbele

Verlene Tolliver aliendesha basi la shule mjini Roanoke mpaka watoto aliowabeba wakakua, wakamletea watoto wao awabebe. Ni mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kumwamsha aliyelala kiti cha nyuma kabisa, na katika mambo ya safari hashauriki. Kwa hiyo ukoo wake ulipokata shauri kwamba mkutano wa mwaka huu ufanyike barabarani, kwa kutembelea mahali pa kihistoria, hakuna aliyeuliza nani angeshika usukani.

Wala hakuna aliyeuliza kwa nini siku ya mwisho aliiwekea nyumba ya rais mmoja wa zamani, kule kilimani Virginia. Wazee walijua, na vijana walikuwa wamesimuliwa. Verlene alipokuwa ndiyo kwanza ameanza shule, baba yao, kinyozi, aliwavika watoto nguo za Jumapili, akapakia kuku wa kukaanga kwenye boksi la viatu, akawapeleka kuiona nyumba hiyo. Bwana mmoja langoni aliwatazama toka juu hadi chini, akasema watu weusi huzungukia nyuma, mlango wa jikoni. Baba hakubishana. Miaka ile jibu moja tu liliweza kumtoa mtu roho. Aliwarudisha garini, wakala kando ya barabara bila mtu kusema neno, na yeye mwenyewe hakugusa hata kipande. Na matofali ya nyumba ile waliyafyatua babu wa babu zake, wakiwa watumwa! Ukitaka kujua maana ya kuongezewa chumvi kwenye kidonda, ndiyo hiyo.

Kaka yake Verlene, Lucius, alikula kiapo siku ile ile kwamba hatatia mguu mahali pale. Alifanya kazi karakana ya reli mpaka akastaafu, akazika mke, akalea wajukuu, na kiapo chake hakukivunja. Sasa moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua. Verlene alitaka jambo moja tu: Lucius aingie kwa mlango wa mbele akiwa hai, na ukoo mzima nyuma yake.

Siku ya kwanza, Washington, mambo yalikwenda vizuri. Lucius alizipanda ngazi za jumba la kumbukumbu la Rais Lincoln akilalamikia goti lake kila hatua.

"Angejenga lifti, ningempenda zaidi," alisema.

"Panda, kaka. Goti hilo hilo jana lilicheza muziki mpaka tukakuomba ukae."

Balaa lilikuwa fulana. Mkutano wa ukoo bila fulana za sare si mkutano. Tolliver asiyevaa yake hapewi sahani. Shonelle, mtoto wa mdogo wao, alikuwa amependekeza zambarau.

"Zambarau tulivaa kwenye mkutano wa Atlanta," Verlene alimkata. "Tulifanana na shamba la biringanya." Akachagua mwenyewe kijani kibichi, na mti mweupe kifuani.

Siku ya mwisho, basi liliposimama kilimani, walitoka waongoza wageni wa nyumba ile kuwapokea. Wote wamevaa fulana za kijani kibichi, na mti mweupe kifuani.

Basi zima lililipuka kwa vicheko. "Shangazi!" Shonelle alipiga kelele. "Kumbe umetutafutia kazi!"

Lucius peke yake hakucheka. "Mimi sishuki, Verlene. Baba alikataa kuingia kama mtumishi wao. Na mimi niingie nimevaa nguo za watumishi wao?"

Verlene aliitazama fulana yake. Aliyeharibu ni yeye, kwa ubishi wake. "Nimekosea rangi, kaka," alisema polepole. "Njia sikukosea."

"Nenda na watoto. Nitawangojea."

Lakini joto la Virginia mwezi wa Julai halimwachi mtu ndani ya basi. Punde Lucius alishuka, akakaa kwenye benchi kando ya njia. Hakumaliza hata kujifuta jasho.

"Samahani, mzee," mama mmoja wa Kizungu alimwuliza, "choo kiko wapi?"

"Kule," Lucius alisema, akinyoosha kidole popote. Kwa bahati kilikuwa huko huko. Wakaja wengine. Mwanamume mwenye kofia ya majani akamwuliza, "Umefanya kazi hapa muda mrefu?"

"Mimi hapana. Babu zangu ndiyo, tena bila mshahara."

Yule bwana alibadilika rangi, akavua kofia. Hakuondoka. Aliomba asimuliwe, na Lucius akamsimulia udongo ulikochimbwa, nani alikanyaga matope, nani aliuzwa nyumba ilipokwisha. Watu walijaa mbele ya benchi. Verlene alikuwa amesimama nyuma yao na ukoo wake, hajagusa hata ngazi ya kwanza.

Bibi mmoja mwenye mkongojo akauliza, "Na sasa tunaingilia mlango upi?"

Lucius aliitazama nyumba.

"Wa mbele," alisema, akasimama. Alimpa bibi mkono wake. "Twendeni."

Akapanda, na goti lake halikulalamika. Nyuma yake wakapanda wageni, na nyuma ya wageni ukoo wa Tolliver, wakubwa kwa watoto, Verlene akilia waziwazi bila kujali. Mlangoni kijana mwenye fulana ya kijani alitabasamu, amechanganyikiwa.

"Karibu, bwana. Wewe ni mwenzetu au mgeni?"

"Mimi ni mwenye matofali," Lucius alisema, akapita.

Walipotoka, Verlene aliwatandikia mablanketi kwenye majani, mbele kabisa ya nyumba, akatoa maboksi ya viatu aliyoyaficha chini ya kiti cha dereva. Ndani mlikuwa na kuku wa kukaanga. Lucius alichagua paja kubwa kuliko yote. Alikula huku akisimulia, mdomo umejaa, kwa sauti ya kusikika mpaka langoni.