Daku la Mbwa wa Baba

Nianze kwa kusema kwamba mbwa wetu hakuwa na njaa. Nalisema mapema kwa sababu kila aliyepita nyumbani kwetu Kwaluguru, Handeni, aliniuliza, na nimechoka kujibu. Alikuwa mbwa wa mbio, wale warefu wembamba, kifua kikubwa na tumbo limebonyea mpaka karibu na mgongo. Mbavu zake zilihesabika tangu barabarani. Ndivyo alivyoumbwa. Baba alipewa mbwa huyo akiwa bado kitoto, na mzungu mmoja aliyekuwa akiondoka kwenye shamba la mkonge, na tangu hapo ngedere hawakula tena mahindi yetu kwa raha. Baba alipofariki, mbwa alibaki na mama.

Baba alikuwa amempa jina. Mama hakulitumia hata siku moja. Kwake alikuwa "huyo" tu.

Mama ni mtu wa swala tano, na kwake mate ya mbwa ni najisi nzito: yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Nyuma ya jiko aliweka ndoo ya bluu na kopo la udongo uliochekechwa, kwa kazi hiyo na si nyingine. Mimi, fundi cherehani wa miaka arobaini na mbili, nilikuwa natumwa pale kama mtoto wa chekechea. Lakini mama huyohuyo alikuwa hawezi kutia tonge mdomoni kabla hajauliza, "Huyo amekula?" Na tangu baba afariki, huyo alikuwa akilala mlangoni pa chumba cha mama, kwa nje, na hakuna aliyemfukuza.

Siku moja nilimwambia mama kuwa anampenda yule mbwa. Alinitazama kama nimemtukana.

"Nimpende mbwa, mimi? Na yeye hanipendi. Anafuata ukoko. Mkono mtupu haulambwi."

Basi mwezi wa sita nikaona uvimbe kwenye paja lake, mdogo kama ndimu. Kufika mwezi wa saba umekuwa chungwa. Nilimpigia daktari wa mifugo wa Old Korogwe, Msambaa mmoja mpole anayeimba kwaya, nikamtumia na picha. Hakunificha. Uvimbe ukiachwa utapasuka, au utasambaa mpaka mapafuni. Ukitolewa, kuna jambo jingine: mbwa wembamba hivi hawana mafuta, dawa ya usingizi huwakaa sana mwilini, na wengine hawaamki.

Nilimweleza mama yote. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua.

"Mpeleke," akasema mwishoni. "Baba yako angempeleka." Akatupa chuya mbili tatu. "Usiku nikiamka namsikia anapumua pale mlangoni. Angalau kuna mtu."

Alisema mtu. Sikumkosoa.

Masharti ya daktari nilimpa mama polepole, neno kwa neno: tangu jioni mbwa asile chochote mpaka apasuliwe.

"Chochote?"

"Chochote, mama."

"Na alivyo mifupa hivyo?"

"Ndivyo alivyosema daktari."

Akaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, maana mama yangu hakubali kitu mara moja.

Asubuhi tulipata pikapu ya jirani iliyokuwa inakwenda tupu Korogwe kuchukua saruji. Dereva alituangalia akasema, "Huyo mbele haingii." Tukapanda nyuma wote wawili, mimi nimemkumbatia shingo ili asirushwe na makorongo. Kila tuliposimama walipatikana watu wa kumhurumia mbwa. "Dada, mpe hata ugali!" mmoja alinifokea kutoka kibandani. Nilimjibu maneno ambayo fundi wa nguo za maharusi hatakiwi kuyajua.

Daktari alitupokea kwa koti jeupe na viatu vilivyong'arishwa.

"Amekula?"

"Tangu jana jioni hajatia kitu mdomoni," nikasema kwa fahari.

Mbwa, ambaye makorongo yalikuwa yamemvuruga, akapanua mdomo akatapika juu ya vile viatu. Ulitoka uji. Ikatoka mihogo. Mwisho zikatoka tende tatu, nzima nzima. Daktari akainama, akaziangalia kwa muda mrefu.

"Hizi ni tende."

"Ndiyo."

"Mbwa anakula tende?"

"Ni mbwa wa Handeni," nikasema.

Nikampigia mama. Sikumwamkia hata shikamoo.

"Mama, umempa huyu chakula?"

"Nimpe chakula saa ngapi, na umesema asile?"

"Katapika tende!"

Akasema, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mjinga, "Hicho si chakula. Hicho ni daku."

"Daku!"

"Wewe umeona wapi kiumbe anafungishwa bila daku? Daktari wako ni Mkristo, hajui utaratibu wa kufunga, nikaona nimsaidie. Na adhana ya alfajiri ilipotoka niliondoa karai. Hakuongeza hata tonge."

Daktari, aliyesikia kila kitu, alikuwa ameegemea ukuta akicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Nina hasira za karibu, nazijua, na siku ile zilinitoka mbele ya daktari na mzee mmoja aliyeleta mbuzi wake. Nilimwambia mama kwamba mbwa angechomwa sindano tumbo limejaa, angetapika amelala, angepaliwa akafa. "Ungemuua wewe, mama, kwa tende zako zilizobaki Ramadhani!"

Simu ikakatika. Mpaka leo sijui kama ni mtandao au ni yeye. Nilibaki nimeishika, nikaona aibu.

Daktari alisema tungoje kesho yake. Nikaenda kulala kwa mama mdogo kule Mkumbara, na mbwa akafungiwa stoo ya daktari, mlango na kufuli, asije akaletewa na futari.

Kesho yake upasuaji haukuchukua hata saa moja. Uvimbe ulitoka wote, jeraha likashonwa kwa mshono ambao hata mimi niliusifu. Kisha tukakaa kumngoja aamke. Tukangoja. Daktari alimfunika blanketi, akamgeuza upande, akamfunua kope, akasikiliza moyo. Mara ya kwanza alinitazama akatabasamu. Mara ya nne hakunitazama.

Baada ya adhuhuri mama akapiga. Hakusema lolote juu ya jana. "Huyo ameamka?"

"Bado, mama."

Akapiga tena. Bado. Mara ya tatu ilikuwa inakaribia alasiri, na mimi nilikuwa nalia waziwazi, mtu mzima mimi, nimekaa chini kwenye sakafu inayonuka dawa.

"Muwekee simu sikioni," mama akasema.

Nikamwekea. Hata sikuhitaji kuweka spika, sauti yake ilijaa chumba kizima: "Wewe! Umelala nini? Ngedere wameingia shambani! Amka! Ngedere hao!"

Sikio likatikisika. Halafu mguu mmoja, ule mzima, ukaanza kukimbia hewani. Halafu jicho likafunguka. Daktari anasema dawa ilikuwa inaisha yenyewe, ni sadfa tu. Mimi sibishani na wasomi.

Tulirudi nyumbani na masharti mapya: asipate baridi, asirukeruke, asilambe mshono. La baridi mama alilimaliza mwenyewe. Alitoka chumbani na sweta ya baba, akanitupia. "Inajaza kabati tu," akasema. Nikaikata mikono, nikaishona upya kwa kipimo cha mbwa, na mama akasimama nyuma yangu akisema kifuani inabana. La mshono lilihitaji kitu cha kumvisha shingoni. Daktari alikuwa ameshauri ndoo iliyokatwa kitako, basi nikachukua ndoo ya kwanza niliyoiona, nikaikata, nikamvika. Nilipoinua macho mama alikuwa mlangoni.

"Ile ni ndoo yangu ya udongo."

Kweli ilikuwa ya bluu. Mama akasema tumeshavunjiana heshima sote wiki hiyo, tuachane nayo. Hivyo ndivyo tulivyosameheana.

Siku mbili mbwa alitembea na ile ndoo akigonga mihimili, akikimbiza kuku bila kukusudia, akijaribu kupita mlangoni na kurudi nyuma. Majirani walikuja kumtazama. Siku ya tatu alichoka. Alikwenda akalala pale pake, mlangoni pa mama, na sweta ya baba mwilini, akawa analia kidogo kidogo kwa sababu sikio lilimwasha na mguu haukufika.

Nilikuwa kwenye cherehani. Nikamwona mama anatoka, anaangalia huku na huku, anaketi kwenye kigoda. Akatia mkono ndani ya ndoo, akaanza kumkuna nyuma ya sikio. Mbwa akanyamaza. Kisha nikausikia ulimi, polepole, ndani ya ile plastiki.

"Mama," nikasema, "mate hayo. Nikuletee kopo la udongo?"

Akashtuka, akautoa mkono. Ulikuwa umelowa mpaka kwenye kifundo. Akaukunjua, akakitazama kiganja, akaugeuza, akautazama tena.

"Mkono ulikuwa mtupu," akasema. "Umeona? Sikushika kitu."

Akaurudisha ndani ya ndoo.